Kupanga Likizo ya Halloween Kutoka Bokoli: Mapango Kwanza, Nairobi Baadaye

Shule za Kenya hufungwa kwa likizo ndefu mwishoni mwa Oktoba. Mwaka 2024 zilifungwa tarehe 25, mwaka 2025 tarehe 24. Halloween ni tarehe 31. Kwa hivyo usiku huo wa vinyago na mizuka ya kuchezea unaangukia wiki ya kwanza ya likizo, watoto wakiwa bado na hamu ya nyumbani na wewe hujaanza kuwatuma kila saa. Marekani kwenyewe, ambako sherehe hii imekuzwa ikawa biashara kubwa, si sikukuu ya taifa na shule hazifungwi kwa sababu yake. Wizara ya Elimu, bila kukusudia, imempa mzazi wa Bokoli, hapa Bungoma, nafasi ambayo mzazi wa Orlando hana.

Watoto nao wamekwisha kuona kwenye simu: magari ya kupinduka angani, nyumba za giza zenye watu waliojipaka damu ya uongo, maboga yenye macho na meno. Watakuuliza kwa nini Bungoma hakuna. Jibu ninalokupendekezea ni kuwageuza watazame kaskazini asubuhi isiyo na mawingu. Mlima Elgon uko pale. Ndani yake kuna mapango ambamo ndovu huingia usiku, katika giza totoro, wakipapasa njia kwa mkonga ili wakakwangue chumvi ukutani. Hakuna kampuni ya burudani iliyowahi kubuni kitu cha namna hiyo.

Kuna tofauti moja kubwa, na mpango wako wote usimame juu yake. Katika bustani za michezo za ng'ambo, hofu imepimwa na wahandisi. Mtoto anapiga kelele lakini mkanda umemshika. Pangoni hakuna aliyepima. Mkanda ni wewe.

Kabla ya yote, jina la safari. Familia nyingi za kwetu, wawe Wakatoliki wa Misikhu au Marafiki (Quakers) wa Lugulu, zikisikia Halloween zinasikia ushetani. Usipoteze jioni nzima ukibishana na mama mkwe. Ukitaka historia, usiku huo ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na kesho yake ni ya Marehemu Wote. Mkatoliki yeyote anazijua. Lakini huhitaji hata hoja hiyo. Sema ni safari ya kufunga shule. Watoto wataiita wapendavyo wakiwa garini.

Pesa

Anza Agosti. Kama ni mwaka unaogawika kwa mbili, anza hata mapema, kwa sababu Agosti hiyo ni ya tohara, na kila mtu Bungoma anajua jinsi kuku, busaa na wageni wa wiki nzima wanavyokausha mfuko. Usitegemee malipo ya miwa kwa safari yenye tarehe. Miwa ina kalenda yake. Mahindi nayo yanavunwa wakati huohuo, na ukiyauza mabichi shambani ili upate nauli, utayanunua tena Mei kwa bei ya kulia.

Njia inayofanya kazi ni chama kidogo cha safari, familia tatu au nne, mweka hazina mmoja, mchango wa kila wiki kwa M-Pesa. Familia nne si kwa ajili ya urafiki tu. Gharama kubwa ya safari hii ni gari, na gari la watu 14 linalipwa bei ileile likibeba watu sita. Kiingilio cha mbuga kwa raia ni sehemu ndogo ukilinganisha. Mchango ukifika Oktoba haujatosha, punguzeni siku, msikope. Fuliza ya Halloween utailipa Januari, na Januari ina karo.

Gari na barabara

Unaweza kwenda kwa magari ya kawaida: boda hadi Misikhu, matatu ya Kitale kupitia Kamukuywa na Kiminini, kisha matatu nyingine hadi Endebess, na boda tena hadi lango la Chorlim. Kwa vijana wawili wenye mkoba mmoja ni sawa. Kwa watoto si sawa, maana ukishafika langoni, mapango hayako pale. Yako kilomita kadhaa ndani, kwenye msitu wenye nyati. Kodisha gari.

Mapatano yafanywe kwa maneno kamili. Uliza: bei ni ya siku nzima au ya kwenda na kurudi tu? Mafuta ni juu ya nani? Dereva atakula kwa nani, na kama mnalala, atalala kwa nani? Kiingilio cha gari mbugani kinalipwa na nani? Dereva akisema, "Hayo tutaongea huko mbele," tafuta mwingine. Na uzitazame tairi za gari kabla hujatoa rubuni, kwa sababu barabara za Elgon mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Oktoba na Novemba mvua hupenda kuja alasiri. Probox inayokwenda vizuri sana Bokoli sokoni inaweza kukwama kwenye kona ya kwanza baada ya Chorlim.

Wengi hukosea hapa: wanauona mlima kutoka Kimilili wakadhani njia ya karibu ni kupanda tu moja kwa moja. Lango la wageni liko upande wa Trans Nzoia, karibu na Endebess, takriban kilomita 27 kutoka Kitale. Mnazunguka.

Ondokeni alfajiri na mrudi kabla ya giza. Msimu wa mavuno barabara ya Kitale kwenda Webuye hujaa matrekta yenye tela za mahindi na miwa, mengine hayana taa hata moja nyuma. Hofu ya namna hiyo haimfurahishi mtu.

Siku ya kwanza: Kitale mjini

Usiwapeleke watoto pangoni siku ileile waliyotoka nyumbani. Lala Kitale, au uende moja kwa moja kwenye nyumba za Kapkuro, ambazo ni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndani ya mbuga karibu na Chorlim. Kapkuro ina faida ya kuamka tayari uko msituni, lakini kuna baridi. Kitale yenyewe iko mita 1,900 hivi juu ya bahari na mbuga iko juu zaidi. Blanketi moja kwa watoto wawili haitatosha.

Mchana huo wa kwanza ni wa Makumbusho ya Kitale. Yalianza kama mkusanyiko wa mtu mmoja, mlowezi Hugh Stoneham, aliyekuwa akikusanya vipepeo, ndege, vitabu na vyombo. Alipofariki aliacha mali yake ijenge makumbusho, yakafunguliwa mwaka 1974. Kwa mtoto anayetaka kuogopa kidogo, kuna nyoka na mamba. Kwako wewe mzazi, kuna boma la Kibukusu lililojengwa pale, na njia ya kutembea katika kipande cha msitu wa asili uliobaki katikati ya mji. Watoto wa siku hizi wamekulia nyumba za mabati. Waonyeshe nyumba ya nyasi ilivyokuwa ndani, wapi ng'ombe alilala na wapi moto uliwaka.

Kwenye barabara ya kwenda Kapenguria kuna pia Kitale Nature Conservancy, inayojulikana kwa kutunza wanyama waliozaliwa na kasoro, wakiwamo ng'ombe wenye viungo vya ziada. Wengine hupaona kama maonyesho ya ajabu yanayofaa kabisa Halloween. Mimi nina wasiwasi na kumfanya mnyama mlemavu kuwa kichekesho, na ningewaambia watoto kabla ya kushuka garini kwamba hapo hatucheki. Ukiwa na muda mchache, paache.

Usiku, hadithi

Usiku wa kuamkia pango ndio usiku wako wa Halloween, hata tarehe isipolingana. Boga unalo shambani. Chonga macho na mdomo, lakini nyama yake ichemshwe na mbegu zikaangwe, kwa sababu kukhu, yaani nyanya yao, akiona boga zima limetupwa baada ya mchezo, mwaka ujao hamtapewa. Weka ndani tochi ya sola badala ya mshumaa. Vinyago vya maboksi na makaa ya kusaga vinatosha. Hakuna haja ya kununua vya plastiki mjini.

Halafu taa zizimwe, na mtu mzima mmoja asimulie. Usianze na zombi wa filamu. Wabukusu wana Mango. Joka kubwa lililoitwa Yabebe lilikuwa likiishi pangoni na kumaliza watu na mifugo, na likachukua hata watoto wa Mango mwenyewe. Akaapa kuliua. Alilivizia mlangoni mwa pango mpaka likarudi, akalikata kichwa. Baada ya hapo akatahiriwa, na ndiyo asili ya tohara kama wazee wanavyoisimulia. Iache hadithi hiyo ikae vichwani mwao walale nayo. Kesho watakapoona mdomo wa pango la Kitum, hakuna atakayehitaji kuelezwa kwa nini anatetemeka. Kwa wadogo zaidi, linani mla watu anatosha, mradi mwisho wa hadithi apatikane wa kumshinda.

Siku ya pili: Kitum

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 169 upande wa Kenya. Malipo ni kwa eCitizen, si taslimu. Yamalize usiku kabla, mkiwa bado na mtandao, na utazame ada za siku hiyo kwenye mfumo wenyewe kwa sababu hubadilika. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, la sivyo mnaweza kutozwa kama wageni. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi. Tangu tarehe 5 Juni 2020 zimepigwa marufuku katika mbuga zote za taifa. Bebeni maji kwenye chupa ngumu au jerikani ndogo. Chakula kiwe cha mkono: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi. Mabaki yarudi nyumbani.

Langoni omba askari wa wanyamapori awasindikize, na ulipe kinachotakiwa. Hii si anasa. Njia ya kutoka maegesho hadi pangoni ni ya miguu, msituni, na mnyama wa kuogopwa hapo si ndovu bali nyati, ambaye hasikii ukimwomba radhi. Njiani tazameni juu. Mbega weusi kwa weupe wanaruka kwenye miti ya podo na teki ya Elgon, miti mingine mipana kuliko watu wanne walioshikana mikono.

Kitum huingia mlimani takriban mita 200. Mdomo wake ni mpana na mwanga huingia hatua za kwanza, na ni hapohapo penye jambo kubwa kuliko yote. Mulika tochi ukutani. Utaona mifereji, mingine ya kina cha kidole, imepangana kwa mshazari kama mtu alikuwa akichonga kwa shoka butu. Ni pembe za ndovu. Kwa vizazi na vizazi wamekuwa wakija hapa, kuvunja mawe yenye chumvi, kuyatafuna, na kurudi msituni kabla ya kupambazuka. Mwanabiolojia Mwingereza Ian Redmond aliwafuatilia kwa miaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na dunia ikasadiki. Sabaot wa mlima hawakuhitaji kusadikishwa. Wao walikuwa wakiishi katika mapango haya na kufungia humo mifugo, na msafiri Joseph Thomson aliwakuta hivyo mwaka 1883. Ujangili umepunguza ndovu, na kuwaona mchana ni bahati. Mikwaruzo ipo kila siku. Mwache kila mtoto apime urefu wa mfereji mmoja kwa macho, pasipo kugusa.

Nasema pasipo kugusa kwa sababu hii. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, majirani zetu hapo tu, aliugua baada ya kutembelea Kitum, akafia Nairobi. Ilikuwa homa ya Marburg, ya ukoo mmoja na Ebola. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa naye, akapona. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmark wa miaka 15 aliyeingia pango hilohilo alikufa kwa ugonjwa huohuo. Kitabu cha Richard Preston cha mwaka 1994, The Hot Zone, kiliifanya Kitum ijulikane duniani kote kuliko Bungoma nzima. Baadaye watafiti walithibitisha, kwa uchunguzi wa Uganda, kwamba virusi hivyo vinakaa ndani ya popo wa matunda wanaolala mapangoni. Na mwaka 2017 mlipuko mdogo ulitokea wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa mlima huuhuu.

Je, usiende? Watalii wengi sana wameingia na kutoka salama, na pango liko wazi. Mimi ningeenda, kwa masharti. Mnabaki kwenye sehemu yenye mwanga, mlipoona mikwaruzo. Hamwendi nyuma gizani walipo popo, hata askari akisema yuko tayari kuwapeleka. Viatu vya kufunika, suruali ndefu, barakoa kwa kila mmoja, kama zile za wakati wa korona. Hakuna kula pangoni, hakuna kukalia mawe, hakuna kuokota popo aliyekufa ili kumpiga picha. Mkitoka, sabuni na maji kabla ya chapati. Mtoto asiyeweza kuzuia mikono yake, na wewe mzazi unamjua, abaki nje na mtu mzima akihesabu mbega. Pango jirani la Makingeny lina mdomo mkubwa zaidi na maporomoko ya maji yanayoanguka mbele yake, picha nzuri kuliko zote mtakazopiga. Lakini popo wake ni wengi, kwa hivyo litazameni kutoka nje tu.

Kama sehemu hiyo imekutia baridi mgongoni, basi badili mpango bila aibu. Saiwa, kilomita 20 na ushei kutoka Kitale kwenye njia ya Kapenguria, ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita za mraba 3, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope. Ndani yake hapapiti gari. Mnatembea kwenye mbao juu ya kinamasi, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya matete, na tumbili wa De Brazza wenye ndevu nyeupe kama wazee wa kijiji wakiwachungulia. Kwa watoto wa chini ya miaka minane ni bora kuliko Kitum, tena kwa mbali.

Na wanaotaka magurudumu

Kuna mtoto hatakubali pango. Anataka kuzungushwa. Nairobi kuna bustani ya michezo ya Two Rivers kwenye barabara ya Limuru, yenye gurudumu kubwa, na Paradise Lost kule Kiambu yenye mapango, maporomoko na mashua, ambayo ni nafuu zaidi kwa kikundi. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni kilomita 380 hivi, kwa hivyo weka siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi, na ulale kwa jamaa kama yupo. Maonyesho ya Halloween mjini mengi ni ya vilabu vya usiku, ya watu wazima na pombe. Uliza vizuri kabla ya kulipa tiketi ya mtoto.

Kwa mwenye ndugu Marekani anayemwalika, maneno machache. Sherehe ya Halloween ya Walt Disney World kule Orlando hufanyika jioni maalumu kuanzia Agosti, na tiketi yake ni tofauti na ya mchana. Siku za kawaida mtu wa miaka 14 na zaidi haruhusiwi kuingia Disney na vazi la kujigeuza mhusika. Kwenye sherehe hiyo anaruhusiwa. Universal wana yao, Halloween Horror Nights, tangu mwaka 1991, na wenyewe hawaipendekezi kwa watoto wa chini ya miaka 13, waamini. Oktoba Florida bado ni msimu wa vimbunga. Viza iombwe mwaka mmoja mbele, na usinunue tiketi isiyorudishika kabla hujaipata mkononi.

Mkisharudi Bokoli

Fueni nguo za pangoni siku hiyohiyo, kwa maji ya moto, na viatu visuguliwe nje. Andika tarehe mliyoingia Kitum mahali ambapo wazazi wote wa chama wataiona, hata kwenye kundi la WhatsApp. Homa ya Marburg huweza kuchukua kuanzia siku 2 hadi 21 kujitokeza, na mwanzo wake unafanana kabisa na malaria: joto, kichwa, misuli kuuma. Mtu yeyote wa safari akipata homa ndani ya wiki hizo tatu, msinunue dawa dukani mkangoja. Mpelekeni hospitali ya Bokoli au iliyo karibu nanyi, na neno la kwanza mnalomwambia daktari, kabla hata ya jina la mgonjwa, ni kwamba alikuwa pangoni Elgon, na tarehe.